Mbuzi wa Kisiwa Kisicho na Watu

Tangu nirudi Kisumu, kila anayeingia hapa nyumbani ananiuliza juu ya safari. Wengine wanataka kujua kama ni kweli viboko walitufukuza. Wengine wanauliza kama rafiki yangu Mhindi aliugua kwa kukosa chakula. Wachache hungoja mpaka chai iishe, halafu wanashusha sauti na kuuliza juu ya kile kisiwa. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, na atakayekuja kuuliza nitampa karatasi hizi asome mwenyewe akiwa amekaa.

Kisumu hadi Nakuru

Mnajua mimi sikai mahali pamoja. Lakini Nakuru ni mji wa utoto wangu. Baba alifanya kazi ya reli huko, na nililala miaka mingi katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikisikiliza mabehewa yakigongana. Jivan, huyo rafiki yangu Mhindi, alikuwa mtoto wa mwenye duka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tukitoroka pamoja kwenda ziwani kuwafukuza flamingo, na kila mara tulirudi na matope ya magadi miguuni na kuchapwa, yeye kwao, mimi kwetu. Sasa ana studio ya picha mjini. Alinitumia salamu kwamba amenunua mashua, kwamba anataka kuzunguka visiwa vyote vya ziwa Baringo kupiga picha za ndege na wanyama, na kwamba hataki kwenda na mtu mwingine. Nilifunga sanduku siku hiyo hiyo.

Treni ilikwama karibu na Londiani. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli, ikabidi tungoje wafanyakazi wajaze mawe. Baridi ya huko mnaijua. Mtu mmoja aliyekuwa akirudi Molo, kwenye mashamba ya pareto, alinikaribisha nusu ya blanketi lake, nami nikampa nusu ya kuku wangu.

"Unaenda wapi, bwana?"

"Baringo. Kuangalia wanyama."

"Ah, wewe ni mwindaji."

"Hapana. Kuangalia tu."

"Unawaangalia, halafu?"

"Halafu narudi."

Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akawaambia watu wa behewa zima: "Jamani, huyu amesoma mpaka imepita kiasi!" Walicheka mpaka treni ikaondoka, na mama mmoja akanipa viazi vya kuchemsha kwa kunihurumia.

Nilipoliona bonde asubuhi, na ziwa la Nakuru likiwa na ule ukingo wake wa waridi, nilitoa kichwa nje ya dirisha. Landi zimepakwa rangi mpya. Duka la kina Jivan limekuwa la mtu mwingine. Lakini harufu ya makaa ya mawe na magadi ni ile ile.

Nakuru hadi ziwani

Jivan alikodi lori, tukaifunga mashua juu yake kwa kamba, pua yake ikielekea mbele. Tuliteremka kupitia Mogotio, katikati ya mkonge, na kila tuliposhuka joto liliongezeka, mpaka tukavua makoti, kisha masweta, kisha viatu. Baada ya hapo nchi ikawa ya miiba, mawe mekundu na vichuguu virefu kama mabomba ya moshi.

Tulikuta mto umejaa. Dereva aliyatazama yale maji ya kahawia, akazima injini na kulala. Tulikaa hapo mpaka siku iliyofuata. Wachungaji walikuja kuitazama mashua. Mzee mmoja alipitisha kiganja chake ubavuni mwake mwote, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa kununua.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kusafiria majini, mzee."

Aliutazama mto, akaitazama mashua. "Basi maji si hayo hapo? Mnangoja nini?"

Jivan alicheka sana, lakini dereva hakucheka. Tulikula chapati za Jivan na achari yake ya ndimu. Huyu rafiki yangu hali nyama, samaki wala mayai. Ni dini ya kwao, naye ameishika tangu utotoni. Nilimwambia kwamba tunakoenda watu wanaishi kwa samaki na mbuzi. "Wafula, mimi naenda kuangalia hawa," akasema. "Iko lazima kula kitu unaangalia?"

Kampi ya Samaki

Ziwa la Baringo si la waridi. Ni la rangi ya chai yenye maziwa, na katikati yake visiwa vimesimama vyeusi, kwa sababu zamani moto ulitoka chini ya ardhi na kuyachoma yale mawe. Wenyeji huvuka kwa mitumbwi midogo ya miti myepesi iliyofungwa pamoja. Mtu huketi huku maji yakipenya hadi kiunoni, na kupiga kasia kwa vibao viwili vidogo vya mkononi. Ukiwaona kwa mbali unadhani ni watu wanaoketi juu ya maji matupu.

Tulihitaji mtu wa kutuongoza. Wavuvi walikubali haraka, lakini kila Jivan aliposema anataka kuzunguka visiwa vyote, walikumbuka kazi nyingine. Mmoja alikuwa na mke mgonjwa. Wa pili akasema yeye ndiye mgonjwa.

Jioni akaja mtu wa makamo, mrefu, mwenye jino moja lililong'olewa mbele. Akajitaja kuwa Parsaloi.

"Mnataka mpaka kile cha mwisho? Kile kisicho na watu?"

"Hicho hasa," alisema Jivan. "Iko ndege mingi pale, sivyo? Hakuna mtu wa kusumbua."

"Nitawapeleka."

"Unataka nini?"

"Nataka kwenda," alisema Parsaloi.

Asubuhi tukiwa majini, injini ikiwa imezimwa ili tusiwashtue viboko, alituambia sababu. Alikuwa na kaka yake mkubwa. Msimu wa mvua uliopita kaka huyo alivusha mbuzi wake kwenda kisiwa kile cha mwisho kwa ajili ya majani mabichi. Baada ya siku kadhaa mtumbwi wake ulirudi peke yake, ukakwama kwenye matete. Watu wakasema ni mamba.

"Lakini mamba wa hapa hawali watu," alisema Parsaloi. "Wamelishwa samaki mpaka wamekuwa wapole. Viboko ndio wabaya."

Alisema hivyo huku kiboko mmoja akituangalia, masikio na macho tu yakiwa juu ya maji. Jivan alishika kamera kwa mikono miwili, asipige.

Sasa wazee walikuwa wamechoka kungoja. Walikuwa wameamua kwamba mwezi ukiandama watu wa nyumba ile wanyolewe vichwa, marehemu ahesabiwe marehemu, na mkewe, Nasieku, ahamie kwa Parsaloi pamoja na watoto na mifugo.

"Na wewe hutaki?" nilimuuliza.

Alichovya kibao majini, akakitoa. "Nasieku ni mwanamke mzuri. Nikimchukua na mwenyewe yuko hai, nyumba yangu itaoza kutoka ndani. Nikimwacha na mwenyewe amekufa, watoto watalala njaa. Nimewaambia wazee twende tukaangalie. Hakuna aliyekubali kukanyaga pale. Ninyi ni wageni, hamjui kuogopa."

Niliuliza jina la kaka yake. Akatikisa kichwa. Kwao jina la mtu aliyekufa halitajwi, na kwa kuwa hakujua kama amekufa, alikuwa ameliweka mdomoni mwezi hata mwezi bila kulitoa.

Kisiwa kikubwa

Kabla ya kile cha mwisho tulilala kwenye kisiwa kikubwa, ambako kuna watu, na ambako maji yanachemka yenyewe kati ya mawe. Wanawake hufunga samaki kwenye majani, huwatumbukiza humo kwa kamba, na kuwatoa wakiwa wameiva. Siku nzima tulizunguka kingo zake polepole. Tuliona mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wakikausha mabawa, korongo mkubwa kuliko mtoto wa miaka saba, kenge waliolala juu ya mawe kama wamemwagwa hapo. Tai mmoja wa samaki alishuka karibu sana na vichwa vyetu hata nikasikia hewa ikipasuka. Jivan alipiga picha hiyo, na akapiga kelele za furaha kama alipokuwa mtoto.

Jioni wenyeji walitukaribisha kwa heshima kubwa. Walituchinjia mbuzi. Jivan akasema hali nyama. Mwenye nyumba aliondoa mkono wake kwenye sinia.

"Anaogopa tumetia kitu?" alimuuliza Parsaloi.

"Hapana. Ni dini yake."

"Dini gani inakataza mbuzi?"

Jambo lilikuwa linaharibika. Jivan akaona kibuyu cha maziwa kimeegemezwa ukutani, maziwa ya mgando yenye unga wa mkaa, kama wanavyoyatengeneza. Akakichukua, akanywa, akanywa tena, mpaka akalazimika kuvuta pumzi. Masharubu yake yakawa ya kijivu. Bibi wa nyumba akapiga makofi: "Huyu ni ndama!" Kuanzia hapo alikuwa mtu wao, na bibi akamwita Ndama mpaka tulipoondoka.

Lakini kuna kitu niliona wakati wa kula. Tulikuwa uwanjani, na kwa upande mmoja ziwa lilikuwa wazi hadi kile kisiwa cha mwisho. Watu wote walikuwa wamekipa mgongo. Wazee, wanawake, hata mtoto wa kunyonya alikuwa amegeuzwa. Mimi na Jivan tu ndio tuliokielekea. Nilidhani ni bahati mbaya ya namna tulivyoketi. Kisha jua likazama, nikaona juu ya kile kisiwa nukta ya moto. Haikuwa kubwa. Moto wa mtu mmoja anayepika.

"Kuna watu kule," nilisema.

Hakuna aliyegeuka. Bibi alivuta kigoda chake, akakaa mbele yangu, kati yangu na ule mwanga. Akaniongezea mbuzi. "Kula, baba. Nyama ikipoa inakuwa ngumu."

Nilimtazama Parsaloi. Na yeye alikuwa amegeuza mgongo, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa, na jasho lilikuwa likimtoka kama aliyekuwa akibeba mzigo.

Kisiwa cha mwisho

Tulifika kukiwa kumekucha kabisa. Sitaki mfikiri palikuwa na giza au ukungu. Jua lilikuwa kali na mbingu haina doa. Hiyo ndiyo sababu siwezi kujiambia kwamba niliota.

Kisiwa ni mlima mdogo wa mawe meusi yaliyoungua, wenye mianya inayotoa mvuke. Jiwe ukilishika ni la moto hata upande wa kivuli. Hakuna ufukwe wa maana, kipande tu cha mchanga mweusi. Ndege walikuwa wengi kama Jivan alivyotumaini, wamejaa kwenye miti mikavu, lakini hawakutoa sauti. Tulisikia mvuke tu, ukipumua kama mtu aliyelala.

Kisha mbuzi wakashuka. Walitoka kwenye mawe mmoja mmoja, bila woga, wakaja mpaka magotini mwetu. Mbuzi walioachwa peke yao huwa mwitu baada ya miezi michache. Hawa walikuwa safi, wanene, kwato zimechongwa. Parsaloi alimshika mmoja, akamgeuza sikio. Akamshika mwingine. Akaendelea hivyo, haraka zaidi na zaidi, mpaka akaketi chini mchangani.

"Nini?" aliuliza Jivan.

Parsaloi alituonyesha. Kila mwanamume wa kwao ana alama yake ya sikio. Ya kaka yake ni ncha ya sikio la kulia kukatwa. Ya Parsaloi ni mpasuo katika sikio la kushoto. Mbuzi wakubwa wote walikuwa na ncha iliyokatwa zamani, hilo halikuwa ajabu. Lakini wana-mbuzi nao walikuwa nayo. Wale waliozaliwa baada ya mtumbwi kurudi peke yake. Mmoja, ambaye hata pembe hazijachomoza, kidonda chake kilikuwa bado kina ganda la damu.

Parsaloi alisimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaita kwa nguvu zote:

"Saidimu!"

Ndipo nilipolijua jina lake. Ndege wote waliruka kwa pamoja, na kwa kitambo jua likafifia kwa mabawa yao. Hakuna aliyejibu. Lakini mbuzi wote, wakubwa na wadogo, waligeuza vichwa. Hawakumtazama Parsaloi aliyeita. Walitazama juu, mahali pamoja, kwenye mwanya uliokuwa ukitoa mvuke, kama watoto wanavyomtazama baba yao, mgeni anapobisha hodi. Tuliangalia na sisi. Palikuwa na mawe na mvuke, basi.

Jivan aliinua kamera, akalenga pale. Niliona kidole chake juu ya kifyatulio. Akakaa hivyo, kisha akaishusha na kuifunga ndani ya mkoba wake.

"Hapana," alisema. "Hii si ya kupiga."

Nilitaka kupanda. Parsaloi akanishika mkono. "Angetaka kuja angekuja. Sisi si wa kumtoa."

"Sasa utawaambia nini wazee?"

Alitafuta kati ya wale wadogo mpaka akapata mmoja wa kike, mweupe, ambaye masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Akamfunga kwenye kigogo kando ya maji. Kisha akapanda mashua na kutuambia tuzunguke kisiwa, polepole, kama tulivyozunguka vingine.

"Akimtia alama yake, basi anasema vyote ni vyake bado," alisema. "Nami nitawaambia wazee, hata wakinipiga."

Tulizunguka. Upande wa nyuma kulikuwa na mamba kwenye mwamba, midomo wazi, na ndege mwari waliopangana kama watu kanisani. Sijui kama Jivan aliwaona. Parsaloi aliketi mbele akiwa ameshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, na nilitambua kwamba hakujua mwenyewe anaomba nini.

Tuliporudi, mwana-mbuzi alikuwa bado amefungwa pale pale, akila majani mabichi yaliyowekwa mbele yake. Hapakuwa na majani kama hayo ufukweni. Mchanga ulikuwa laini, na alama zilizokuwapo zilikuwa zetu tu, lakini nyuma yake mawe yanaanza, na mawe hayashiki nyayo.

Parsaloi alishuka na kugeuza masikio ya mwana-mbuzi. La kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limepasuliwa, sawasawa, na damu imepakwa jivu.

Ilikuwa alama ya Parsaloi.

Alipiga magoti na kuegemeza paji la uso wake ubavuni mwa yule mnyama. Mgongo wake ulitikisika. Jina lile hakuliita tena. Alipoinuka alimfungua mbuzi, akambeba mabegani, akasema tu, "Tuondoke. Amechoka na sisi."

Nilitazama nyuma mara moja. Mbuzi walikuwa wakipanda mlima kwa mstari, kama wanaoitwa nyumbani.

Kurudi

Mama wa Parsaloi na kaka yake alitungoja bara, mbele ya boma. Hakumuuliza mwanawe. Alinijia mimi, mgeni, akanishika kidevu kama tunavyomshika mtoto ambaye tunataka aseme kweli.

"Mlimwona mwanangu?"

"Hatukumwona, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Ningesema nini kingine? Aliniachia, akaingia ndani, na kesho yake, mwezi ulipoandama, wote walinyolewa. Jivan alitaka kuondoka mara moja, lakini lori lilikuwa limevunjika springi, kwa hiyo tulikaa. Tulimwona Nasieku akihamisha vyombo vyake, kibuyu kwa kibuyu, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Parsaloi hakumtazama usoni, lakini alimjengea ukuta upya upande unaopigwa na upepo. Mbuzi mweupe alimfuata Nasieku kila mahali.

Siku ya kuondoka Parsaloi alinisindikiza hadi kwenye lori. Alikuwa amejipaka mafuta, na kichwa chake kilichonyolewa kilimfanya aonekane mdogo.

"Bwana Wafula, usirudi," alisema. "Si kwa ubaya. Ukirudi watu watauliza tena."

Nilimwahidi. Mimi ambaye sijawahi kuahidi kutokurudi mahali popote, nilimwahidi, na nitatimiza.

Dereva alikuwa akipasha injini moto, na Jivan amekwisha panda, aliposimama Nasieku kando ya mlango, mbuzi mikononi. Hatukuwa tumezungumza hata neno. Alilishika lile sikio la kushoto.

"Wanasema Parsaloi amekata hili," alisema. "Kisu cha Parsaloi hakikati hata ugali."

Niliushika mlango wa lori.

"Alikuwa amekonda?"

"Mama, hatukumwona mtu."

"Najua hamkumwona. Nauliza mbuzi wa kule. Wamekonda?"

"Hapana," nilisema. "Ni wanene. Kwato zao zimechongwa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akampangusa mbuzi vumbi usoni kwa kanga yake.

"Basi anakula," alisema, akageuka na kupanda njia ya kwenda nyumbani kwa Parsaloi.